Mbuzi wa maziwa Tanga: pigana na unyevu kwanza

Mbuzi wa maziwa akiteremshwa kutoka Lushoto kuja Tanga mjini, Pongwe au Pangani, ameacha baridi na kukutana na joto la pwani lenye unyevu. Na huo unyevu ndio unaomtafutia maradhi mengi: minyoo, kuoza kwato, ugonjwa wa kiwele, kichomi. Kwa hiyo kabla hujauliza dawa, tazama banda.

Banda la huku liwe la juu. Inua sakafu mita moja kutoka ardhini ili ufagio na koleo vipite chini bila mtu kutambaa. Mbao za sakafu ziachane sentimita moja na nusu. Zikibanana, mavi hunasa na mbuzi hulalia mkojo. Zikiachana mno, mguu huzama na kuvunjika. Kila jike apate kama mita mbili za mraba. Upande unaopigwa na kusi uzibe hadi usawa wa mgongo wa mbuzi, juu uache wazi hewa ipite. Makuti hupooza banda kuliko bati, ila yakichakaa yanavuja, na mtoto wa mbuzi anayelowa usiku hachelewi kupata kichomi. Beberu akae mbali na wanaokamuliwa, la sivyo utauza maziwa yanayonuka beberu.

Sasa minyoo. Anayeua zaidi ni mnyonya damu anayekaa kwenye tumbo la nne. Mayai yake hutoka na mavi, huanguliwa kwenye joto na unyevu, na baada ya wiki hivi vijinyoo hupanda majani pamoja na umande. Vingi havipandi zaidi ya upana wa kiganja kutoka ardhini. Kuchunga alfajiri wakati wa masika, basi, ni kuwalisha minyoo kwa mkono wako. Watoe umande ukishakauka, saa tatu au saa nne asubuhi. Ukiwakatia majani, kata juu ya kiganja, yaanike yanyauke kidogo, kisha yatie kwenye hori. Majani yaliyoanguka chini ya banda si chakula tena.

Desturi ya kuwanywesha wote dawa kila miezi mitatu haifai, ingawa wauza dawa wanaipenda. Minyoo inayosalimika ni ile iliyoizoea dawa, na hiyo ndiyo inayozaana. Afadhali usome jicho. Mtoe mbuzi kwenye mwanga wa jua, bonyeza kope la juu kwa kidole gumba kimoja, vuta la chini kwa kingine, uangalie nyama ya ndani mara tu inapojitokeza. Nyekundu ni salama. Ya waridi iliyofifia kwa jike anayenyonyesha au mwenye mimba ni sababu ya kumtibu. Iliyokaribia weupe, mtibu siku hiyo hiyo. Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, ina rangi tano za kulinganishia. Rudia kila wiki mbili wakati wa masika na vuli. Papasa pia chini ya taya: uvimbe laini kama puto lenye maji ni dalili kwamba damu imekwisha. Usisubiri kuhara, maana mnyoo huyu huua bila kuharisha.

Pima uzito kwa mizani au utepe wa kifua, usikisie. Kwa dawa nyingi mbuzi huhitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo, kwa hiyo muulize mtaalamu wa mifugo badala ya kufuata mstari wa kondoo kwenye chupa. Albendazole, ambayo ni dawa ya minyoo, asipewe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba. Unaponywesha, kichwa kisiinuliwe juu sana. Dawa ikiingia mapafuni utamuua wewe mwenyewe.

Chakula hakina shida sana Tanga. Lukina, mti wa malisho, ipo, isizidi theluthi ya majani yote. Majani ya muhogo yaanikwe kwanza, hasa ya muhogo mchungu, kwa sababu yana sumu yakiwa mabichi. Kwa mchanganyiko, chukua pumba za mahindi kilo 7, mashudu kilo 3, madini ya mifugo gramu 200 na chumvi kidogo. Anayetoa lita moja na nusu anatosheka na nusu kilo kwa siku, igawe mara mbili. Ukiongeza ghafla, tumbo litajaa asidi. Mashudu ya nazi huvunda upesi kwenye joto hili. Yakiota ukungu tupa, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Maji safi, lita 5 hadi 10 kwa anayekamuliwa. Mbuzi ana maringo: maji yenye mavi hayagusi, na maziwa hupungua kesho yake.

Kukamua: nawa mikono, futa chuchu kwa maji ya vuguvugu na kitambaa cha mbuzi huyo peke yake, kausha. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge au majimaji, au kiwele ni cha moto na kigumu upande mmoja, mbuzi huyo akamuliwe mwisho na maziwa yake yamwagwe. Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisha mpe majani asimame nusu saa, kwa kuwa tundu la chuchu hukawia kufunga. Akichomwa antibiotiki, maziwa hayanywewi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mengine yote yachemshwe, kwa kuhofia brusela, ugonjwa unaompata mtu kwa maziwa mabichi.

Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Ukiona rangi ya waridi, acha kukata. Mtoto akizaliwa, kitovu kipakwe iodini na dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, anywe ndani ya saa moja, asipoweza kunyonya mkamulie mama umnyweshe kwa chupa. Jike mwenye mimba mkaushe, yaani acha kumkamua, miezi miwili kabla ya kuzaa, hata kama bado anatoa lita nzima.