Maswali na majibu: mpira uliochanganywa na plastiki

Mpira wa petroli wa bodaboda yangu umevimba na kulegea kabla ya mwezi kwisha. Nimeuziwa feki? (Dereva, Mbagala)

Si lazima uwe feki. Huenda ni mpira wa kazi nyingine. Mpira asilia na petroli vyote ni jamii ya hidrokaboni (kaboni na hidrojeni), kwa hiyo petroli hupenya katikati ya minyororo ya molekuli na kuitanua. Dukani ulizia mpira wa nitrili. Huo una akrilonitrili, kemikali ambayo haipatani na petroli, kwa kiwango cha kama asilimia 18 hadi 50. Kiwango kikipanda, mpira unastahimili mafuta zaidi, ila unakakamaa, hasa kwenye baridi.

Kwa nini tusiyeyushe plastiki tu na kuichanganya na mpira? (Mwanafunzi wa kemia, Eldoret)

Ukiishia kuchanganya, utapata kitu kinachovutika na kubaki kimevutika, na kwenye petroli kitavimba vilevile. Mpira lazima uivishwe, yaani minyororo yake ifungwe pamoja kwa dawa na joto, papo hapo unapochanganywa. Gessler na Haslett walipata hataza ya njia hiyo Marekani mwaka 1962. Coran na Patel wa kampuni ya Monsanto wakaifikisha mbali zaidi kwa kuivisha mpira kabisa, na mwaka 1981 Santoprene, mchanganyiko wa mpira na plastiki wa aina hiyo, ikaingia sokoni.

Simama karibu na mashine ya kuchanganyia uone. Polipropileni, ndiyo plastiki yenyewe, huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 165, na mshale unaoonyesha nguvu ya mota unashuka. Dawa ya kuivisha ikitiwa, mshale unapanda tena: mpira unaiva huku mapanga yakiuchanachana, hadi unabaki chembe za mikromita moja au mbili zilizozungukwa na plastiki. Mpira waweza kuzidi nusu ya mchanganyiko, na bado plastiki ndiyo inayoshika kila kitu. Ndiyo maana mabaki yanarudi mashineni na kuyeyushwa upya, jambo ambalo tairi haliwezi. Kwangu mimi hii ni kazi nzuri kuliko zote katika fani hii.

Kwa nitrili kuna kikwazo kimoja zaidi: haishikani na polipropileni. Coran na Patel waliongeza polipropileni kidogo iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki, pamoja na nitrili ya majimaji ambayo minyororo yake ina ncha za amini, kemikali inayoungana na anhidridi hiyo. Viwili hivyo huungana pale chembe inapokutana na plastiki, na kuzishikamanisha pande mbili.

Nitrili inafaa kwenye breki? (Fundi gari, Tanga)

Hapana. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huiharibu; hapo tumia EPDM, aina nyingine ya mpira wa viwandani. Hiyo EPDM nayo usiipeleke kwenye petroli.

Nitapimaje bila maabara? (Mwenye karakana, Kisumu)

Kata kipande, kipime kwa mzani mdogo wa sonara, kisha kiloweke siku tatu kwenye mafuta yaleyale kitakayofanyia kazi. Kama ni petroli, fanyia nje, mbali na moto, na chombo kiwe na kifuniko. Kitoe, kifute, kipime upesi kabla petroli haijaruka: uzito ulioongezeka ndio uliofyonzwa. Kwa mnyumbuko, bana kipande kingine kipungue robo ya unene wake, kiache siku nzima, kifungue, subiri nusu saa, kisha kipime unene. Kisiporudi, hakifai kuwa sili.

Kile cha kwanza kikishakauka kabisa, kipime tena. Kikiwa chepesi kuliko mwanzo, petroli imenyonya mafuta ya kulainishia yaliyokuwamo, nacho kitakuja kupasuka.