Kadi za besiboli kama kumbukumbu ya familia: anza na mwaka

Kaka, wazo lako ni zuri mno. Kama nimekuelewa, mlioana 2008, mkahamia Chicago 2011, binti yenu akazaliwa 2017, na unataka kila tukio liwe na kadi yake ya besiboli, yaani kadi ya kukusanya yenye picha ya mchezaji, ila bei za mtandaoni zimekukatisha tamaa.

Anza na mwaka, nyota waache kwanza. Topps, kampuni inayochapisha kadi hizi, hutoa seti mpya kila mwaka, na kadi za wachezaji wa kawaida ni za bei rahisi sana. Bei zilizokutisha za 2011 naamini ni za kadi ya nyota Mike Trout, namba US175, maana hiyo wakusanyaji huigombania. Achana nayo. Chukua mchezaji wa mwaka huo wa Cubs au White Sox, timu za mji mliohamia.

Kwa binti, tafuta kadi za Topps Now. Zilianza 2016, na huchapishwa kuhusu tukio la mchezo wa siku fulani. Kama alizaliwa msimu ukiendelea, huenda ipo ya siku yake hasa, na hiyo ndiyo ningeitafuta kabla ya zote.

Kadi usiiandike kitu. Itie kwenye kifuko laini, kisha kwenye kasha gumu, na nyuma yake weka kikaratasi chenye tarehe na majina ya waliokuwepo. Plastiki ya PVC epuka kabisa, huharibu kadi.

Ukitamani ya bei kubwa, nunua iliyopimwa na PSA, kampuni inayokagua uhalisi na hali ya kadi na kuifunga kwenye kasha lake, na uhakiki namba ya cheti kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. Hata makasha hayo hughushiwa.