Maswali yenu: ukifumba macho, huko ndani kunatokea nini?

Meseji za kutulia na meditesheni zimejaa, nachukua nne.

Nikikaa kutazama mawazo ndo kichwa kinazidi kelele. Siwezi meditesheni?

Unaweza, na hiyo ndo dalili umeanza kuona. Kelele ilikuwepo siku zote ila ulikuwa bize nayo. Mi wiki ya kwanza nilikuwa nakaa dakika kumi, ikifika ya tatu nishapanga nguo za kufua, nishagombana na mtu wa mwaka juzi na safari hii nimemshinda 😂 Ukishtuka uko mbali rudi kwenye pumzi, huko kurudi ndo zoezi lenyewe.

Nikimaliza kukaza na kuachia misuli mikono inakuwa mizito kama sio yangu, kawaida hiyo?

Kawaida kabisa, tena ndo kinachotafutwa. Mbinu hiyo ni ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, kitabu chake kilitoka 1929, hoja yake ni kwamba misuli ikilegea na wasiwasi unashuka. Jaribu hapo ulipo: kunja ngumi ya kulia, kaza sekunde tano, achia ghafla, afu usikimbilie kushoto, subiri kwanza. Utasikia kama kitu kinateremka hadi kwenye vidole, sa linganisha na mkono ambao hujaugusa, utadhani ni ya watu wawili tofauti. Mjerumani Johannes Schultz yeye alipita mlango mwingine, hukazi chochote, unajirudia tu kimoyomoyo "mkono wangu wa kulia ni mzito", baadae "una joto", na ukiwa na subira uzito unakuja na joto linakuja. Yani mmoja kaanzia kwenye misuli mwingine kwenye maneno, wakakutana pale pale.

Tukipumua haraka haraka vidole vinaingia ganzi na kizunguzungu, mwalimu anasema ni nishati inaamka.

Mh, nishati aiache kwanza. Ukipumua hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyotengeneza, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo inawashawasha. Inaweza kukupa hisia kali kweli, sikatai, ila chanzo ni hicho. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba asiguse bila kuongea na daktari, na msifanyie kwenye maji, mtu anaweza kuzimia. Ukitaka kutulia geuza, pumzi kama sita kwa dakika, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana unapotoa pumzi ndo mapigo ya moyo yanapungua kasi.

Wenzangu wakitulia wanasikia raha, mi napata hofu.

Pole sana. Wapo wengi tu, mwili uliozoea kujikaza ukiuambia legea unaona umeachwa bila ulinzi. We usifumbe macho, tazama kitu kimoja mbele yako, kanyaga chini vizuri, au tembea polepole ukihesabu hatua. Zile kambi za meditesheni, watu wanakaa siku 10 kimya bila kuongea, usianze nazo, na kama hofu inakuja na kumbukumbu za jambo lililokuumiza, tafuta mshauri nasaha ukae nae kabla hujaendelea peke yako.