Kodi hazilii vizuri kwenye gitaa? Anza na mahali vidole vinapotua

Mkuu, umesema una gitaa la nyuzi za chuma, nyuzi zinakwaruza au hazilii kabisa ukishika kodi (noti tatu au zaidi zinazolia pamoja), vidole vinauma, na unajiuliza kama vidole vyako ni vifupi mno. Vidole vyako havina shida, watoto wadogo wanalipiga gitaa hilohilo. Shida ya anayeanza karibu kila mara ni mahali kidole kinapotua, wala si nguvu.

Jaribu hivi. Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 1, ule mwembamba kuliko wote, katikati ya freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vyuma vilivyokatiza shingo). Donoa uzi mfululizo huku ukiongeza mgandamizo taratibu hadi sauti itoke safi. Sasa sogeza kidole hadi kikaribie kugusa chuma cha freti cha upande wa sanduku la gitaa, urudie. Safari hii sauti itasafika kwa mgandamizo mdogo zaidi. Uzi unatakiwa ulale sawasawa juu ya chuma kile. Ukibonyeza mbali nacho, unabaki ukipigapiga juu yake, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Ukikikalia chuma chenyewe, sauti inakabwa. Na ukikaza kupita kiasi noti inapanda kidogo, kwa hiyo kodi inasikika mbovu hata kama gitaa limetyuniwa vizuri, yaani nyuzi zimekazwa hadi noti zake sahihi. Kwa hiyo tafuta mgandamizo mdogo kabisa unaotoa sauti safi, uishie hapohapo.

Uzi usiolia kabisa mara nyingi umeguswa na kidole cha jirani kilicholala. Simamisha kiungo cha mwisho cha kidole, ubonyeze kwa ncha. Kucha za mkono unaobonyeza ziwe fupi kabisa, la sivyo ncha haifiki. Dole gumba likae nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha kati. Usililaze gitaa mapajani ili uone nyuzi: kifundo cha mkono kinajikunja na vidole vyote vinalala. Uso wa gitaa usimame wima. Kila ukishika kodi, donoa uzi mmoja mmoja kabla ya kucharaza zote, utajua ni kidole kipi chenye kosa.

Kagua na gitaa lenyewe. Kwenye freti ya 12, pima nafasi kati ya chuma na uzi wa 6, ule mnene. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 hivi ni sawa. Ikizidi sana 3, mpelekee fundi ashushe nyuzi, maana hapo unapambana na chombo. Unaweza pia kufunga nyuzi nyembamba zaidi, pakiti ya 10 au 11 badala ya 12 (namba ni unene wa uzi wa 1 kwa sehemu za elfu za inchi). Ila anayetumia gitaa la nailoni asifunge nyuzi za chuma: mvuto wake ni mkubwa na unaweza kung'oa kipande kilichogundishwa kwenye sanduku kushikilia nyuzi.

Tyuni kila unapolishika gitaa. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Programu ya kutyuni ya simu inatosha. Ukipitiliza juu, shusha chini ya noti kisha upande tena hadi ifike, kwa sababu ukiishia kwa kulegeza, uzi huteleza baadaye. Nyuzi mpya huvutika, kwa hiyo zikishuka siku za mwanzo usiogope.

Sasa kodi zenyewe. Anza na Em: kidole cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 2, basi. Kisha Am: shahada uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha pete uzi wa 3 freti ya 2, uzi wa 6 usiupige. Kutoka Am kwenda C, shahada na cha kati havibanduki. Ni kidole cha pete tu kinachohamia uzi wa 5 freti ya 3. Wengi huinua vidole vyote na kuanza upya, na hapo ndipo mdundo unapokatika. Kabla ya kuhama, uliza ni kidole gani kinaweza kubaki.

Kuhama ndiko kunakostahili muda wako mwingi. Weka dakika 1 kwenye simu, hama Am na C kwenda na kurudi, hesabu kodi safi tu. Ukifikisha 30 unaweza kuanza kupiga wimbo mwepesi wa kodi hizo. 60 ni vizuri sana. Metronomu, kifaa au programu inayogonga mapigo, iwe 60 kwa dakika, kodi moja kwa mapigo manne. Mkono wa kucharaza usisimame kamwe, hata vidole vikichelewa. Ushuke kwenye kila pigo na upande katikati ya mapigo, hata pale usipogusa nyuzi. Kodi iliyochelewa inasameheka, mdundo uliokatika kila mtu anausikia.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na hupungua baada ya wiki chache, sugu zikiota. Piga dakika 15 asubuhi na 15 jioni badala ya saa nzima kwa mkupuo. Maumivu ya kifundo au ya kiganja ni habari nyingine: acha, pumzisha mkono, kisha rekebisha mkao.

Kodi ya F, ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote, iache kwanza. Tumia Fmaj7: cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, shahada uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 wazi, na wa 5 na wa 6 usiziguse. Kwenye nyimbo nyingi inakaa vizuri mahali pa F.