Re: The Princess Bride, nisome au filamu inatosha?

Ndugu, umeuliza kama kuna haja ya kusoma riwaya ilhali filamu ya 1987 umeshaiona. Isome! Filamu naipenda, na William Goldman mwenyewe ndiye aliyeandika muswada wake. Ila kwenye riwaya yake ya 1973 kichekesho kikubwa ni msimulizi: anajifanya anafupisha kitabu cha zamani cha mtu mwingine, na kila mara anakatiza hadithi kutueleza kurasa alizozitupa na kwa nini. Kwenye filamu nafasi hiyo wamepewa babu na mjukuu, na utani mwingi umepotea. Halafu Inigo, yule bingwa wa upanga! Kwenye riwaya utamkuta baba yake, Domingo, akihangaika mwaka mzima kutengeneza upanga wa mtu mwenye vidole sita. Hapo mimi nililia.