Alama ndogo kwenye dodoso si ushahidi kwamba mgonjwa hana huruma

SWALI: Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na ninaongoza kikundi cha watu 11 wanaoendelea na matibabu ya skizofrenia, baipola na sonona kali. Tunafanya mazoezi ya kuanzisha mazungumzo, kuomba msaada na kukataa jambo kwa adabu. Mwanzoni niliwajazisha madodoso mawili niliyoyapata mtandaoni, moja la huruma lenye maswali 28 na jingine la kujiamini mbele ya watu, na baada ya wiki 10 nikayarudia. Kijana mmoja mwenye skizofrenia alipata jumla ndogo katika dodoso la huruma, na mwenzangu akaandika kwenye jalada lake kwamba "hana huruma". Sasa mama yake ananiuliza kama mwanawe ni hatari kwa wadogo zake. Isitoshe, watu watano alama zao za kujiamini zimeshuka. Je, mafunzo yameshindwa? Na je, kipo kipimo kimoja kifupi cha uhakika ambacho ningekitumia badala ya haya?

JIBU: Ndugu muuguzi, nianze na jalada, kwa sababu ndilo lenye haraka. Maneno yale yametokana na kosa la kujumlisha, na mara kwa mara naletewa majalada yenye maneno ya aina hiyo, yakiwa yameshasomwa na familia, na pengine na mwajiri, kabla ya mtu yeyote kuuliza dodoso lenyewe lilikuwa linapima nini.

Kwa maelezo yako, dodoso hilo ni lile lililotungwa na mwanasaikolojia Mark Davis mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maswali yake 28 yamegawanyika katika vipengele vinne vya maswali saba saba, na kila kipengele kina alama zake kuanzia 0 hadi 28. Kipengele cha kwanza kinahusu kujiweka katika nafasi ya mwingine. Cha pili, kuguswa na shida zake. Cha tatu, kuzama katika hisia za wahusika wa hadithi na filamu. Na cha nne, fadhaa inayompata mtu mwenyewe anapomwona mwingine katika dhiki. Vipengele hivi havikutungwa ili vijumlishwe, kwa kuwa haviendi upande mmoja. Mtu anayepata 22, 22, 8 na 4 ana jumla ya 56, na anayepata 8, 14, 10 na 24 ana jumla ileile ya 56. Wa kwanza huelekea kuketi na mwenzake anayelia na kumsikiliza mpaka amalize. Wa pili hulemewa na kilio hicho hata akashindwa kukaa chumbani. Jumla imewafanya watu hawa kuwa kitu kimoja, na ikishuka haikuambii kilichopungua ni kipi.

Kwa watu wenye skizofrenia, tafiti nyingi zilizotumia dodoso hili zimeonyesha sura inayojirudia: alama za kujiweka katika nafasi ya mwingine huwa chini kidogo ya wastani wa watu wengine, na za fadhaa huwa juu. Hiyo ni sura ya mtu anayefikiwa na maumivu ya mwenzake lakini akashindwa kuyapanga, kuyaelewa na kuyajibu, na ni tofauti kabisa na kutohisi. Niliwahi kuwa na mteja aliyeinuka na kutoka nje mara tu mwanakikundi mwenzake alipoanza kulia. Waliokuwepo walimwona baridi, na mmoja wao alisema hivyo waziwazi. Nilipomfuata nilimkuta amesimama ukutani, mikono imekunjwa kifuani, uso haukuonyesha chochote. Nilipomuuliza, alisema kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: "Ningebaki mle ndani ningeanguka." Alitetemeka kwa muda mrefu kabla ya kukubali kurudi.

Uso huo usioonyesha chochote ndio chanzo cha nusu ya lawama ninazozisikia. Mwanasaikolojia Ann Kring na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watu wenye skizofrenia waliotazama filamu za kuamsha hisia walionyesha hisia kidogo zaidi usoni kuliko watu wengine, ilhali walieleza kwamba hisia zenyewe walizipata. Ongeza juu ya hapo dawa za kudhibiti saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo), ambazo kwa baadhi ya watu hukaza misuli na kuufanya uso uwe kama kinyago. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote kuhusu moyo wa mgonjwa, angalia kwanza dawa anazotumia, dozi yake, na kama mikono yake inabembea anapotembea, kwani isipobembea huenda ni dawa zinazokaza misuli.

Sasa nije kwenye dhana inayonichosha kuliko zote, nayo ni kwamba dodoso la kujijazia hupima uwezo. Halipimi. Linapima kile mtu anachoamini, au anachokubali kusema, kuhusu nafsi yake siku hiyo. Mwaka 2019 watafiti Murphy na Lilienfeld walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha majibu ya watu kuhusu uwezo wao wa kuelewa hisia za wengine na matokeo yao walipopewa kazi halisi ya kuzitambua, wakakuta kwamba majibu hayo yanaeleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za utendaji. Na hapo hatujafika kwa mtu mwenye sonona, ambaye hujihukumu vibaya kuliko anavyostahili, wala kwa mtu ambaye baipola yake inapanda, anayejiona mfalme wa kila kikao.

Vipimo vya vitendo navyo vina mitego yake. Kile cha picha 36 za macho, kilichoboreshwa na mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake mwaka 2001, humtaka mtu atazame macho tu kisha achague neno moja kati ya manne linaloeleza hali ya anayetazamwa. Mtu mwenye msamiati mdogo hupata alama ndogo hata kama ndiye wa kwanza mtaani kugundua kuwa jirani ana huzuni. Ukishayatafsiri maneno yale, ambayo mengi hupishana kwa vivuli vidogo vya maana, umeshatunga kipimo kipya ambacho hakuna aliyekithibitisha.

Tafsiri inanirudisha kwenye neno ulilolitumia wewe mwenyewe. "Huruma" kwetu ni sifa ya utu, na kumwambia mtu kwamba hana huruma ni kumshtaki. Ukimuuliza mgonjwa kama huwaonea huruma wenye shida, atasema ndiyo, kama ambavyo mimi na wewe tungesema, na hutakuwa umejua kama anatambua kwamba mke wake amekasirika. Wanachokichunguza watafiti ni mambo mawili yanayoweza kwenda kila moja njia yake: kuelewa anachohisi mwingine, na kuguswa nacho. Neno "kujiamini" lina kasoro ya namna hiyo, kwa sababu msikilizaji hulielewa kuwa ni ujasiri au majivuno, au hata kukosa adabu, hasa akiwa mtu aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Dodoso linalotafsiriwa lapaswa kurudishwa katika lugha ya asili na mtafsiri mwingine asiyeliona la mwanzo, kisha lisomwe swali kwa swali na wagonjwa wachache wanaoeleza kwa maneno yao walichokielewa. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa karibu kila mahali.

Kuhusu waliopungua alama za kujiamini, usikate tamaa haraka. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeieleza dhana hii mwaka 1977, alizungumzia imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo fulani katika mazingira fulani. Hakuzungumzia kujipenda, wala tabia ya kudumu. Ndiyo maana alisisitiza kwamba maswali yawe ya "ninaweza" na si ya "nitafanya", na akapendekeza mizani ya 0 hadi 100 kwa hatua za 10. Mtu aliyejifungia ndani kwa miaka mitatu hujaza dodoso la kwanza kwa kukisia. Baada ya wiki 10 za kujaribu kweli kuzungumza na watu, amejua ugumu ulipo, na alama yake ya pili inaweza kuwa ndogo na ya kweli zaidi. Kama miongoni mwa hao watano kuna mwenye baipola aliyejiunga akiwa anapanda, akajipa 100 kila mahali, basi kushuka kwake hadi 70 huenda ndiyo dalili njema kuliko zote ulizonazo mezani.

Halafu kuna mtikisiko wa kipimo chenyewe. Chukua dodoso ambalo alama zake zina mchepuko sanifu (kiasi ambacho alama za watu hutawanyika kutoka wastani) wa 5 na utegemekaji (jinsi kipimo kinavyotoa jibu lilelile kikirudiwa, ambapo 1 ni kamili) wa 0.75. Kosa la kawaida la kipimo hapo ni 2.5, na mtu yuleyule akilijaza mara mbili pasipo chochote kubadilika maishani mwake, alama zake zinaweza kupishana kwa karibu 7 kwa bahati tu. Aliyeshuka kwa 3 au 4 hajakuambia kitu, na kwa haki hiyohiyo aliyepanda kwa 4 hajathibitisha kwamba mafunzo yako yamefaulu.

Tazama pia dodoso lilitungwa kwa ajili ya nani. Dodoso la kujiamini la Sherer na wenzake la mwaka 1982 lina maswali 17 ya jumla na sita tu ya kijamii. La Smith na Betz la mwaka 2000 lina maswali 25, na lilitungwa kwa wanafunzi wa chuo. Hayo hayamuulizi mtu kama anaweza kuendelea na mazungumzo huku akisikia sauti, au kumweleza rafiki wa zamani alikokuwa alipolazwa, au kumwambia daktari kwamba dawa inamlaza mchana kutwa. Kwa kikundi chako ningeketi na kila mmoja, nikamuuliza hali tano au sita zinazomkwaza, nikaziandika kwa maneno yake mwenyewe katika mizani ya 0 hadi 100, kisha nikazirudia kila baada ya wiki mbili, nikiandika pembeni hali yake ya moyo siku hiyo na dawa zilizobadilishwa. Sambamba na hilo, fanyeni igizo la dakika tatu, kwa mfano kumpigia simu mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, na watazamaji wawili watoe alama kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha. Pale imani ya mtu na kitendo chake zinapoachana, katika upande wowote ule, ndipo penye kazi yako ya wiki inayofuata.

Hilo ni jibu pia kwa ombi lako la kipimo kimoja kifupi cha uhakika. Hakipo, na anayekuuzia anakudanganya. Nasema kwa ukali kwa sababu biashara hii inakua. Kuna kurasa zinazompa mtu asilimia ya "huruma" yake baada ya dakika tano, wapo wanaojiita washauri wanaosoma tabia kwa mwandiko, na wapo wanaotoza fedha kwa cheti kinachosema fulani anafaa au hafai kuoa, kuajiriwa au kukabidhiwa watoto. Wengi wao huchota maswali kutoka kwenye madodoso halali ya utafiti, wakayakata, kisha wakayawekea mstari wa kufaulu walioubuni. Hata mstari wenye asili ya kitaalamu hutumiwa vibaya: katika dodoso la huruma la Baron-Cohen na Wheelwright la mwaka 2004, lenye alama zisizozidi 80, alama 30 au chini yake zilipatikana kwa wengi wa washiriki wenye usonji wa aina iliyoitwa Asperger, lakini takriban asilimia 12 ya watu wa kundi la kulinganishia nao waliangukia hapohapo. Watu hao hawakuwa wagonjwa wala katili, na hakuna aliyewaandikia chochote kwenye jalada.

Hakuna hata moja kati ya madodoso niliyoyataja lililotungwa kutabiri nani atamdhuru nani. Wengi wa watu wenye magonjwa ya akili hawana ukatili, na wao ndio hudhuriwa mara nyingi zaidi na wengine. Tathmini ya hatari ni kazi nyingine kabisa, inayofuata historia ya vitendo vya kweli, vitisho vilivyotamkwa, ulevi, imani potofu zinazomhusu mtu mahususi, na mabadiliko ya siku za karibuni. Ikiwa moja ya hayo lipo kwa kijana huyu, mpeleke kwa daktari wake leo. Ikiwa halipo, mama yake anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno mepesi, na aulizwe mambo anayoyaona nyumbani: mdogo wake akianguka, kaka anafanya nini? Anamgawia chakula? Anaondoka kelele zinapozidi, na akiondoka anarudi baada ya muda gani?

Jalada lisifutwe wala ukurasa usichanwe. Chini ya maandishi ya mwenzako andikeni tarehe, elezeni kwamba vipengele vinne vilijumlishwa kimakosa, wekeni alama za kila kipengele peke yake, taja aliyemsomea maswali na dawa alizokuwa akitumia siku hiyo, kisha wewe na mwenzako mtie saini nyote wawili.