Maswali ya mafundi wa faiba: bunduki ya resini na hadina yake

Safari hii tumechagua barua za mafundi wanaotengeneza maboti na matangi kwa mashine ya kupulizia, ile inayotoa resini ya polista na hadina (dawa ya kuigandisha resini) huku ikikata nyuzi za glasi papo hapo. Hadina tunayoizungumzia ni MEKP, ambayo ni peroksidi. Karibu kila barua iliigusa.

Mashine yetu tumeiweka asilimia 2 ya hadina. Kuna siku boti linakauka vizuri, na kuna siku tunakuta mabaka yanayonata hadi kesho yake. Tumepandisha hadi 3 na bado. Tatizo liko wapi? (Fundi, Likoni)

Kwanza irudishe kwenye 2. MEKP ya dukani huwa imechanganywa na mafuta ya kuipunguzia ukali, na ukizidisha dozi mafuta hayo yanabaki ndani ya faiba na kuilainisha. Kwa hiyo ile 3 inaweza kuwa imekuongezea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Kisha hakikisha unachokiona ni kasoro kweli. Resini isiyo na nta hubaki na utando unaonata juu, upande unaoguswa na hewa, hata ikikauka sawasawa, na utando huo ndio unaoshikana na tabaka linalofuata. Futa kwa tambara lenye asetoni kidogo, halafu bonyeza kwa ukucha. Pakiwa pagumu, hapana kasoro. Pakibonyea au pakawa kama mpira, hapo hadina haikufika.

Sasa tazama mabaka yamekaaje, maana umbo lake linakuonyesha pa kwenda. Mstari unaonata upande uleule wa kila mpulizo unatoka kwenye bunduki: tundu la hadina limeziba nusu, au mpulizo wake haukutani sawasawa na wa resini. Vua nozeli, ioshe, ipulize. Usiichokonoe kwa waya, utaliharibu tundu. Faiba ikinata kote, dozi ni ndogo. Mabaka yakiwa hapa na pale, leo yapo na kesho hayapo, mtuhumiwa wa kwanza ni hewa kwenye mpira mwembamba wa hadina.

Hewa hiyo huingia chupa ya hadina ikiachwa ikauka katikati ya kazi. Lakini hata chupa ikiwa imejaa, MEKP hutoa gesi yenyewe taratibu inapopata joto, na karakana ya bati Mombasa ina joto la kutosha. Mashine ikilala wikendi, Jumatatu mpira una mapovu. Pampu inabana povu badala ya kusukuma hadina, na kila povu likifika kwenye bunduki unapuliza resini tupu kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuunganisha pampu ya hadina na ya resini, sukuma ya hadina kwa mkono hadi itoke bila povu hata moja. Geji ya hadina nayo isichezecheze. Ikipanda ghafla kuna mahali pameziba, ikishuka kuna uvujaji au hewa. Yote hayo yakiwa sawa na mabaka yanaendelea, fungua pampu ukague gololi na viti vyake: chembe ndogo ya uchafu inatosha kuifanya gololi isizibe, na hadina inarudi ilikotoka.

Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye mkono wa pampu, pima. Zima hewa ya kikatio cha nyuzi. Kinga resini ya mapigo kumi ya pampu kwenye kopo ulilolipima kwa mizani, na hadina ya mapigo hayohayo kumi kwenye kopo safi la plastiki. Resini ikiwa gramu 2,000, hadina iwe gramu 40. Kipimo hiki kina upungufu mmoja: mpira wa hadina uliochomolewa hauna presha mbele yake, kwa hiyo gololi inayovuja inaweza kufaulu hapa na kushindwa kazini. Ongeza basi kipimo cha pili. Pulizia gramu 100 zilizokwisha changanyika kwenye kopo la kwanza. Kwenye kopo la pili pima kwa mkono gramu 100 za resini ileile na gramu 2 za hadina, ukoroge vizuri. Washa saa. La mashine likichelewa sana kuganda kuliko la mkono, mashine inakupunja.

Neno moja kuhusu joto. Mafundi wengi wa pwani hupunguza hadina mchana kwa sababu resini inawagandia kabla ya kupita rola. Kushuka hadi 1.2 hivi ni sawa, ila usivuke chini ya 1. Faiba itaganda, ndiyo, lakini haitaiva, na maji yataitafuna. Afadhali mwombe muuzaji resini inayochelewa kuganda, au upulizie alfajiri.

Bosi anasema tufungue milango tu. Na kweli harufu ni kali mwanzoni, baada ya nusu saa hatuisikii tena. Barakoa ina ulazima gani? (Kijana wa karakana, Kigamboni)

Harufu haikuondoka, pua ndiyo iliyochoka. Stairini iliyomo kwenye resini husikika hata ikiwa hewani kidogo mno, chini ya sehemu 1 kwa milioni, kisha pua huizoea upesi. Kikomo cha kisheria cha Uingereza na Marekani ni sehemu 100 kwa milioni kwa siku ya saa 8, na anayepulizia bila kinga hukivuka kwa urahisi. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kujisikia kama mlevi jioni ni dalili zake. Mwaka 2018 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka stairini kwenye kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu.

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Unahitaji ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya alama A2P3: mstari wa kahawia ni wa mvuke, mweupe ni wa matone na vumbi. Ndevu zinavujisha. Ukishaivaa, ziba vichujio kwa viganja uvute pumzi, nayo lazima ibane usoni. Ukimaliza kazi ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kwa sababu kichujio kilicholala wazi juu ya meza kinaendelea kunyonya stairini usiku kucha, na asubuhi unavaa kilichokwisha jaa.

Milango wazi inasaidia, lakini mvuke huu ni mzito zaidi ya mara tatu kuliko hewa. Unalala sakafuni, unajaa kwenye mashimo na ndani ya moldi. Feni ya kuvuta iwe chini, upande wa pili wa moldi, ili hewa itoke mgongoni kwako, ipite kwenye kazi, itoke nje. Na isiwe feni ya nyumbani, mota yake ina cheche. Stairini hutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi joto 31 hivi. Dar es Salaam mwezi wa pili, kivulini tu, unaweza kuipita. Asetoni ya kuoshea ndiyo usiseme, inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu. Jiko, sigara, grainda na simu inayochajiwa vikae nje kabisa.

Kupulizia ndani ya tangi ni habari nyingine. Huko vichujio havitoshi. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na mtu amesimama mdomoni mwa tangi asiondoke. Bosi anayekataa kutoa vifaa hivi anavunja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003, na wakala wa OSHA wa huko ndio wenye kazi ya kumkagua.

Mtu akichomwa na bunduki kidoleni na kubaki na tundu dogo kama la sindano lisilouma sana, plasta inatosha? (Msimamizi, Tanga)

Haitoshi. Huyo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Pampu ya 11 kwa 1, yaani inayozidisha presha ya hewa mara 11, ukiipa hewa ya bar 4 inasukuma resini kwa bar 44, na presha hiyo inapenya ngozi bila shida. Resini husambaa ndani kufuata mishipa na kano. Saa za mwanzo kidole kinaonekana kizima, halafu kinavimba, kinakufa ganzi, kinabadilika rangi, na wakati huo mara nyingi kinakuwa kimepotea. Msiseme "amejikata". Mwambieni daktari: "kimiminika kimeingia kwa presha kubwa, ni resini yenye stairini," na nendeni na karatasi ya maelezo ya resini.

Ajali hii hutokea zaidi wakati wa kuzibua nozeli, fundi akidhani presha imeisha kwa kuwa kompresa imezimwa. Haijaisha, imebaki kwenye mipira. Funga loki ya triga. Funga hewa kuu, kisha fungua valvu ya kutoa hewa iliyosalia kwenye pampu. Fungua loki, gusisha chuma cha bunduki kwenye ukingo wa ndoo ya chuma yenye waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini), vuta triga hadi pasitoke kitu. Fungua valvu ya kumwagia ya pampu na uiache wazi. Funga tena loki. Nozeli ikiwa imeziba kabisa, presha inaweza kuwa bado imo: legeza kiungo cha mpira polepole sana, umefunika kwa tambara nene, uso pembeni.

Resini tuliyopata haina kobalti, ile ya kuharakisha kuganda. Nichanganye kobalti na hadina kwanza, au vipi? (Fundi wa matangi, Nakuru)

Usizikutanishe kamwe. Kobalti na MEKP zikigusana zenyewe kwa zenyewe hulipuka au kuwaka hapohapo. Kobalti inatangulia kwenye resini na kukorogwa hadi rangi iwe moja. Ya nguvu ya asilimia 6 huwekwa gramu 2 hadi 3 hivi kwa kilo ya resini, lakini karatasi ya resini yako ndiyo yenye kauli ya mwisho. Hadina inafuata baadaye, kupitia pampu yake. Tumia vijiko, makopo na matambara tofauti, na makabati yawe mbalimbali.

Hadina usiizimue kwa asetoni, usiirudishe chupani ikishamiminwa, na usiiweke kwenye chombo cha shaba au chuma cha kawaida. Ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka papo hapo, dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimeshikwa wazi, ndipo hospitali. Sekunde za mwanzo ndizo zinazookoa jicho, kwa hiyo bomba au dumu la maji safi liwe hatua chache tu kutoka kwenye mashine.

Pipa letu la taka liliwaka usiku, hakukuwa na mtu. Inawezekanaje? (Karakana ya maboti, Mtwara)

Tambara lililofuta hadina hupata joto lenyewe. Resini iliyochanganywa nayo, ikirundikana kwenye ndoo, inaweza kupita nyuzi joto 150 inapoiva. Vikiwekwa pamoja na asetoni na maranda, kiberiti hakihitajiki. Hadina iliyomwagika ifunikwe kwa mchanga uliolowa, si maranda. Matambara na masalia yote yaingie kwenye pipa la chuma lenye maji, likae nje mbali na ukuta, limwagwe kila siku. Resini iliyobaki ndooni itandaze juu ya karatasi ya nailoni, unene wa kidole usifike, igande ikiwa nyembamba.

Nikipuliza, bunduki inanipiga shoti kidogo. Niendelee? (Fundi, Kisumu)

Acha kwanza. Nyuzi za glasi zikikatwa huzaa umeme tuli, na shoti unayoisikia ni cheche iliyokwisha ruka karibu na mvuke unaowaka. Pampu, pipa la resini, moldi ya chuma na ndoo ya kuoshea, kila kimoja kiwe na waya wake hadi kwenye nondo ya athi. Halafu chukua mita upime kutoka mwili wa bunduki hadi kwenye nondo hiyo. Isiposoma, tazama mpira wa resini: mara nyingi ule wa asili wenye waya ndani ulipasuka, na mtu akafunga mpira wa kawaida badala yake.